Mwongozo: Kushughulikia Hitilafu za Kurasa za Mgeni katika Mashine Pepe Zinazotegemea Maunzi

Kila Jumamosi tunapokutana hapa Mbeya, jirani na Kabwe, wanafunzi na mafundi wanaojifunza kuandika haipavaiza (programu zinazoendesha mashine pepe) zao wenyewe huleta swali lile lile kwa maneno tofauti: mgeni amegusa ukurasa usiokuwapo, je, ni kazi ya nani kuushughulikia? Wengine huandika kutoka Iringa au Njombe wakieleza kwamba mashine pepe imeganda ikirudia anwani moja bila kikomo, na nikiwauliza kama hitilafu ile ni ya mgeni au ya mwenyeji, hawana jibu. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao. Karibu kila kosa nililoliona katika kazi hii, yakiwamo yangu mwenyewe, lilitokana na mtu kuanza kurekebisha kabla hajajua hitilafu ni ya nani.

Ninaposema mgeni, ninakusudia mfumo endeshi unaokaa ndani ya mashine pepe. Mwenyeji ni mashine halisi pamoja na haipavaiza inayomhudumia mgeni huyo. Maelezo mengi yanafuata vichakataji vya Intel kwa sababu ndivyo tunavyokutana navyo zaidi katika kompyuta zilizotumika tunazonunua huku. Tofauti za AMD zina hatua yake. Sehemu za VMCS, yaani eneo la kumbukumbu ambamo kichakataji cha Intel huweka hali na mipangilio ya mgeni, nimezitaja kwa namba zake, ili uzipate bila kubahatisha majina.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji kwanza kichakataji chenye majedwali ya kurasa ya ngazi ya pili. Intel ilitoa VT-x, uwezo wa kichakataji kuendesha mashine pepe, mwaka 2005, lakini EPT, ambayo ndiyo majedwali hayo ya ngazi ya pili, ilikuja mwaka 2008 na kizazi cha Nehalem. AMD ilitoa AMD-V, inayolingana na VT-x, mwaka 2006, na NPT, inayolingana na EPT, ikafuata mwaka 2007. Kwa hiyo mashine ya Core 2 Duo inaweza kuwa na VT-x na bado isikufae kwa mwongozo huu. Ukiwa ndani ya Linux, hakiki hivi:

```
grep -c -E 'vmx|svm' /proc/cpuinfo
cat /sys/module/kvm_intel/parameters/ept
```

Amri ya kwanza ikitoa 0, uwezo huo haupo au umezimwa kwenye BIOS. Amri ya pili inapaswa kutoa Y. Kwa AMD soma `/sys/module/kvm_amd/parameters/npt`. Hapa nawaonya hasa wenye kompyuta zilizotumika: betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, umeme ukikatika mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani, na mara nyingi VT-x hurudi ikiwa imezimwa. Nimeshuhudia mtu akichambua msimbo wake asubuhi nzima kwa sababu umeme ulikatika usiku. Badilisha betri hiyo kwanza.

Vingine ni hivi:

- Linux yenye KVM, haipavaiza ambayo imo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Utaitumia kama kipimo cha kulinganishia kazi yako.
- Juzuu la 3 la mwongozo wa Intel wa waandishi wa programu, likiwa limepakuliwa tayari, kwa sababu utalifungua mara nyingi kuliko unavyodhani na kifurushi cha intaneti kitakwisha.
- Bandari ya siriali, au njia nyingine ya kuandika matukio nje ya mgeni, ili mgeni akianguka usipoteze ushahidi.
- Ujuzi wa lugha ya C na uelewa wa jinsi majedwali ya kurasa yanavyofanya kazi kwenye mashine ya kawaida. Kama huo haujakaa sawa, uimarishe kwanza. Ngazi mbili hazitakuwa rahisi kuliko moja.

Nadharia, kwa kiasi kinachohitajika tu

Anwani anayoitumia programu ndani ya mgeni hupita tafsiri mbili. Majedwali ya mgeni mwenyewe, yanayoanzia kwenye rejista yake ya CR3, huigeuza kuwa anwani ambayo mgeni anaiona kuwa ni halisi. Kisha EPT, ambayo ni mali ya mwenyeji, huigeuza hiyo kuwa anwani halisi ya RAM. Majedwali ya mgeni nayo yamo ndani ya kumbukumbu ya mgeni, kwa hiyo kila hatua ya kuyasoma hupitia EPT pia. Kwa ngazi nne juu ya ngazi nne, tafsiri moja inaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu mara 24.

Ikishindikana kwenye tafsiri ya kwanza, hiyo ni hitilafu ya ukurasa ya kawaida, vekta 14 (namba ambayo kichakataji huitambulisha hitilafu hiyo), na mgeni ana uwezo wote wa kuimaliza mwenyewe bila wewe kujua. Ikishindikana kwenye tafsiri ya pili, huo ni ukiukaji wa EPT: kichakataji humtoa mgeni na kukukabidhi wewe, naye mgeni hapaswi kujua kwamba kuna jambo lililotokea.

Hatua za kazi

1. Mwachie mgeni hitilafu zake. Katika ramani ya biti za hitilafu (0x4004), weka biti ya 14 kuwa 0. Kisha weka 0 kwenye sehemu mbili zinazoandamana nayo, kichujio (0x4006) na kilinganishi (0x4008). Sehemu hizo mbili watu huziruka, na hapo ndipo mtego ulipo. Kichakataji huuchuja msimbo wa hitilafu kwa kichujio, kisha hulinganisha matokeo na kilinganishi. Yakilingana hufuata biti ya 14, yasipolingana hufanya kinyume chake. Kwa hiyo ukiwa na biti ya 14 iliyo 0, kichujio 0, na kilinganishi chenye takataka iliyobaki kwenye kumbukumbu, kila hitilafu ya mgeni itakuangukia wewe, ingawa unaamini umeizuia.

2. Jenga EPT. Tenga ukurasa wa baiti 4096 kwa jedwali la juu, uusafishe wote kuwa sifuri, kisha andika anwani yake halisi kwenye kielekezi cha EPT (0x201A) ukijumlisha 0x1E. Thamani hiyo husema kwamba majedwali yasomwe kwa kumbukumbu ya aina ya 6 (write-back, yaani inayotumia kache) na kwamba ngazi ni nne. Kwenye maingizo yenyewe, biti 0 ni ruhusa ya kusoma, biti 1 ya kuandika, biti 2 ya kutekeleza, na biti 3 hadi 5 ni aina ya kumbukumbu.

Onyo: aina ya kumbukumbu huandikwa kwenye ingizo la mwisho tu, lile linaloonyesha ukurasa wenyewe. Kwenye ngazi za kati biti hizo lazima ziwe 0. Pia usitoe ruhusa ya kuandika bila ya kusoma. Makosa haya mawili hayazalishi ukiukaji wa EPT bali usanidi mbovu wa EPT, ambao ni sababu nyingine kabisa ya utokaji, namba 49.

Si lazima ujaze EPT yote mwanzoni. Ukiiacha tupu, kila ukurasa utajazwa pale mgeni anapougusa mara ya kwanza, na hivyo ndivyo KVM inavyofanya. Ndiyo maana mgeni aliyepewa GB 4 anaweza kuwaka kwenye kompyuta ambayo haina GB 4 zilizo wazi.

3. Soma ushahidi kabla ya kugusa chochote. Mgeni anapotoka, soma sababu ya utokaji (0x4402) ukichukua biti 16 za chini tu. Ikiwa ni 48, yaani ukiukaji wa EPT, soma maelezo ya utokaji (0x6400) na anwani ya mgeni iliyogoma (0x2400), kisha viandike vyote kwenye siriali. Biti za maelezo hayo zisomwe hivi:

- Biti 0, 1 na 2: mgeni alikuwa anasoma, anaandika, au anachukua amri ya kutekeleza.
- Biti 3, 4 na 5: ruhusa zilizokuwapo kwenye EPT, kwa mpangilio huo huo wa kusoma, kuandika na kutekeleza.
- Biti 7: anwani pepe iliyo kwenye sehemu ya 0x640A ni ya kuaminika.
- Biti 8: ikiwa 1, kilichogoma ni ukurasa wa mwisho alioutaka mgeni, ikiwa 0 huku biti 7 ni 1, kilichogoma ni ukurasa unaobeba majedwali ya mgeni.

Chukua mfano wa 0x182. Hapo biti 1, 7 na 8 zimewaka, na ruhusa zote ni sifuri: mgeni aliandika kwenye ukurasa ambao bado haumo kwenye EPT. Linganisha na 0x1AA, ambayo ina biti zile zile pamoja na biti 3 na 5: ukurasa upo, unasomeka na kutekelezeka, ila kuandika kumezuiwa. Ya kwanza inaomba ukurasa mpya. Ya pili inasema wewe mwenyewe uliuzuia ukurasa huo, na ukiupa RAM mpya utakuwa umefuta data ya mgeni. Nawasihi wanaoanza waandike thamani hizi kwa mkono na kuzifungua biti kwa biti angalau mara kumi, kwa maana mtu akishazizoea, nusu ya kazi hii anaimaliza kwa macho.

4. Amua anwani hiyo ni ya nini. Weka orodha ya maeneo ya kumbukumbu uliyompa mgeni, kisha tafuta anwani iliyogoma imo katika eneo lipi. Ikiwa imo ndani ya RAM ya mgeni na haina ukurasa, nenda hatua ya 5. Ikiwa ni ya kifaa, kama kidhibiti cha ukatizaji au kadi ya mtandao, usimpe RAM. Iga tendo la kifaa hicho. Ikiwa ni RAM uliyoizuia isiandikwe, kwa mfano kwa sababu unafuatilia kurasa zilizobadilika wakati wa kumhamisha mgeni, weka alama yako na umrudishie ruhusa. Ikiwa haimo popote, fanya kama mashine halisi inavyofanya kwa kawaida: usomaji urudishe biti zote zikiwa 1, na maandishi yatupwe.

Onyo, na hili ndilo lililonifanya niandike: usimrudishie mgeni hitilafu ya vekta 14 kwa sababu ya ukiukaji wa EPT. Mgeni ataangalia majedwali yake, atakuta ukurasa upo na ruhusa zote zipo, ataona hakuna cha kurekebisha, atarudia amri ile ile, naye atagoma pale pale. Huo ndio mgando wa anwani moja unaoletwa kwangu kila wiki. Majedwali ya mgeni hayana kosa; pengo liko kwenye EPT, na mgeni haioni EPT.

5. Weka ukurasa. Tenga ukurasa wa mwenyeji, usafishe uwe sifuri, halafu ndipo uandike ingizo la EPT kwa andiko moja la biti 64. Usibadilishe mpangilio huo. Ukiandika ingizo kabla ya kusafisha, kichakataji pepe cha pili cha mgeni yule yule kinaweza kusoma mabaki ya mgeni mwingine, na huo ni uvujaji wa data, hata kama umetokea kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa sababu hiyo hiyo, shika kufuli kwanza na uangalie tena kama ingizo bado ni tupu, kwa kuwa vichakataji viwili vinaweza kugoma kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Kurasa za KB 4 zinatosha kujifunzia, lakini GB 1 ina kurasa 262,144, na kila moja inaweza kukugharimu utokaji mmoja. Kwa kurasa za MB 2 idadi hiyo hushuka hadi 512. Hakikisha tu kwamba anwani ya mgeni na ya mwenyeji zote zinagawanyika kwa MB 2, na kwamba biti 7 ya ingizo imewashwa.

6. Futa tafsiri za zamani inapobidi. Ukiongeza ukurasa au ruhusa, huhitaji kufuta kitu, kwa kuwa ukiukaji wenyewe huondoa tafsiri husika kwenye kichakataji kilichogoma. Ukipunguza ruhusa au ukibadilisha ukurasa, tekeleza INVEPT, amri inayofuta tafsiri za EPT zilizohifadhiwa ndani ya kichakataji, kwenye kila kichakataji ambacho mgeni huyo amewahi kupita. Ukisahau kimoja, mgeni ataendelea kuandika kwenye ukurasa uliokwisha kumpa mwingine.

7. Usisogeze RIP, rejista inayoonyesha amri ya mgeni inayotekelezwa. Baada ya kuweka ukurasa, mwache mgeni arudie amri yake. RIP husogezwa pale tu ulipoiga tendo la kifaa, na hapo usitegemee urefu wa amri ulio kwenye 0x440C, kwa sababu kwa ukiukaji wa EPT wa kawaida sehemu hiyo haina thamani ya kuaminika. Itakubidi uichambue amri yenyewe.

8. Rudisha tukio lililokatishwa. Wakati mwingine ukiukaji hutokea kichakataji kikiwa katikati ya kumfikishia mgeni ukatizaji. Soma 0x4408, biti ya 31 ikiwa 1, tukio hilo halijafika. Nakili thamani hiyo kwenye 0x4016 ukiwa umefuta biti ya 12, na kama biti ya 11 imewaka, nakili pia msimbo wa hitilafu kutoka 0x440A kwenda 0x4018. Ukiruka hatua hii, mgeni atapoteza ukatizaji mmoja mmoja, saa yake itachelewa, na diski itaonekana kama imelala.

9. Linda CR2, rejista inayobeba anwani iliyosababisha hitilafu ya ukurasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliwahi kupoteza siku nne za Julai, na baridi yote ya Mbeya, nikimtafuta mdudu huyu. Mgeni wangu aliwaka vizuri, lakini programu zake zilikufa ovyo. Amri ya `ls` ilifaulu mara tisa na kuanguka ya kumi. Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Programu ya mgeni iligusa ukurasa usiokuwapo, kichakataji kikaandika anwani kwenye CR2, na kabla kerneli ya mgeni haijaisoma, ukatizaji wa nje ukamtoa mgeni. Upande wa mwenyeji nao ukapata hitilafu yake ya ukurasa na kuandika CR2 juu ya ile ya mgeni. Mgeni aliporudi alisoma anwani ya mwenyeji, akaona programu imegusa mahali pasipo pake, akaiua.

VT-x haihifadhi CR2 kwenye VMCS. Isome mara tu mgeni anapotoka, kabla ya msimbo wowote unaoweza kugoma, na uirudishe kabla tu ya kumwingiza.

10. Ukihitaji kunasa hitilafu za mgeni. Wapo wanaotaka kuzichunguza. Washa biti ya 14 ya hatua ya 1. Sababu ya utokaji itakuwa 0, aina ya tukio utaikuta kwenye 0x4404, msimbo wa hitilafu kwenye 0x4406, na anwani kwenye 0x6400. CR2 haitakuwa imebadilishwa. Ili kumrudishia mgeni hitilafu hiyo, andika anwani kwenye CR2 wewe mwenyewe, msimbo kwenye 0x4018, na 0x80000B0E kwenye 0x4016.

11. Kwa wenye AMD. Utokaji wa NPT ni 0x400. Msimbo wa hitilafu umo kwenye EXITINFO1 na anwani ya mgeni kwenye EXITINFO2. Biti 32 ya EXITINFO1 ni ukurasa wa mwisho, biti 33 ni majedwali ya mgeni. CR2 huhifadhiwa ndani ya VMCB, ambayo kwa AMD inashika nafasi ya VMCS, hivyo unaepuka balaa la hatua ya 9. Kosa linalojirudia ni kusahau biti ya mtumiaji kwenye maingizo ya NPT: kichakataji huchukulia kila mguso wa mgeni kuwa wa mtumiaji wa kawaida, hata ule wa kerneli yake.

12. Linganisha na KVM. Washa mgeni yeyote ndani ya KVM, kisha:

```
sudo trace-cmd record -e kvm:kvm_exit -e kvm:kvm_page_fault sleep 10
trace-cmd report | less
```

Utaona ukiukaji mwingi mgeni anapowaka, kisha ukipungua kadiri kurasa zinavyojaa. Haipavaiza yako inapaswa kuonyesha mwenendo huo huo. Ikiwa idadi haipungui, kuna kurasa unazozipoteza.

Mambo yakikwama

*Anwani moja inajirudia bila kikomo.* Soma biti 3 hadi 5. Zikiwa sifuri, ingizo lako halifiki kwenye EPT inayotumika: pengine umeandika anwani pepe ya mwenyeji badala ya anwani halisi, au kielekezi cha 0x201A kinaonyesha jedwali jingine. Zikiwa na ruhusa ila si ile inayotakiwa, ngazi ya kati imeinyima. Ruhusa lazima iwepo kwenye ngazi zote nne.

*Sababu ya utokaji ni 49.* Chapisha maingizo yote manne ya njia ya anwani hiyo. Tafuta biti zilizohifadhiwa, aina ya kumbukumbu 2, 3 au 7, au kuandika bila kusoma.

*Sababu ya utokaji ni 2.* Mgeni amepata hitilafu tatu zilizorundikana, jambo linalotokana mara nyingi na kumrudishia hitilafu kabla hajaweka IDT yake (jedwali linaloonyesha msimbo wa kushughulikia kila hitilafu na ukatizaji), au na kosa la hatua ya 4.

*Mgeni haingii kabisa.* Kosa namba 7 la amri za VMX lina maana kwamba sehemu za udhibiti ni batili. Anzia kwenye 0x4016 na kielekezi cha EPT. Utokaji wa 0x80000021 una maana kwamba hali ya mgeni yenyewe ni batili.

*Mgeni anakwenda polepole mno baada ya saa kadhaa.* Angalia `free -h` kwa mwenyeji. RAM ikiwa imejaa, mwenyeji huanza kuhamishia kurasa za mgeni kwenye diski, na kila moja ikihitajika tena huja kama ukiukaji mpya. Kwenye mashine ya GB 8, wageni watatu wa GB 4 wataanza vizuri na kukwama mchana.

Ukibaki umekwama hata baada ya hayo, njoo Jumamosi au uandike, ila uwe na thamani tatu ulizozisoma kabla ya kurekebisha chochote: sababu ya utokaji, maelezo yake yote ya biti 64, na anwani ya mgeni iliyogoma. Ongeza maingizo manne ya EPT ya anwani hiyo kama unaweza kuyachapisha.